Wajitolea 40 kwenye orodha, 9 kazini: itengeneze kazi kabla ya kuwatafuta watu

Swali: "Mimi ni mratibu wa shirika dogo lisilo la kiserikali. Tunawasaidia watoto wa shule ya msingi kujifunza kusoma nje ya saa za masomo. Watu 40 wamejiandikisha kujitolea, lakini wanaofika kwa uhakika ni 8 au 9. Wengine huja mara mbili tatu, kisha kimya. Nikiomba watu wa Jumamosi kwenye kundi la WhatsApp, wote wanausoma ujumbe, anajibu mmoja. Wafanyakazi wetu watatu wa mshahara wanalalamika kwamba wajitolea wanawaongezea kazi. Sasa bodi inataka tuanze kutoa posho ndogo ili watu waje. Itasaidia? Na nianzie wapi?"

Ndugu mratibu,

Nianze na posho, maana bodi inasubiri jibu: msiianzishe. Sababu nitazitoa mbele kidogo, kwa kuwa hazieleweki vizuri kabla hatujaliangalia jambo lililo chini yake.

Swali lako limeandikwa kana kwamba watu wako wamepungukiwa moyo na sasa unatafuta cha kuwavutia. Mimi silioni hivyo. Mtu aliyejaza fomu, akaitenga Jumamosi yake, akatoka nyumbani na kuja mara tatu bila malipo, moyo anao. Kuna jambo alilolikuta alipofika, au kuna jambo alilotarajia kulikuta na hakulikuta. Katika mashirika niliyoyasaidia, chanzo kinachojirudia kuliko vyote ni kwamba kazi yenyewe haikuwa imetengenezwa. Mjitolea anafika, hakuna aliyejua kwamba anakuja. Anaambiwa akae kidogo. Mtoto wa kusoma naye hajapangwa, vitabu vimefungiwa na mwenye ufunguo hajafika. Baadaye anapewa kupanga viti. Mara ya pili anarudi kwa heshima, mara ya tatu kwa kujilazimisha, na baada ya hapo anaona aibu kusema kwamba haoni faida ya kuwepo kwake, basi ananyamaza. Ule ukimya unaouona kwenye simu yako ni adabu yake.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mtu mwingine hata mmoja, keti na wafanyakazi wako muiandike kazi. "Kusaidia watoto kusoma" haitoshi, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kujua kama ameifanya au hakuifanya. Linganisha na hii: kusoma na watoto wawili, walewale kila wiki, Jumamosi kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi, kwa wiki 10, kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti, kuandika kwenye kadi yake ukurasa alioishia na maneno yaliyomshinda, kuikabidhi kadi kwa msimamizi wa siku kabla ya kuondoka. Chini yake andika jina la msimamizi huyo, na mambo ambayo mjitolea hapaswi kuyafanya. Ukurasa mmoja unatosha.

Kila kipande hapo kina kazi yake. Watoto walewale, kwa sababu mtu huona ugumu kumwangusha mtoto anayemjua kwa jina kuliko kuliangusha shirika. Kadi, kwa sababu inamwonyesha mjitolea kwamba mtoto aliyekuwa anakwama ukurasa wa 4 sasa yuko wa 19, na hakuna hotuba ya shukrani itakayoshindana na hilo. Kadi hiyohiyo inampunguzia kazi mfanyakazi wako, maana maendeleo ya watoto anayapata yameandikwa bila kuzunguka akiuliza.

Na wiki 10. Hapa ndipo viongozi wengi wanaponipinga. Wanasema: tukiwaambia wiki 10, si wataondoka wiki ya 11? Baadhi wataondoka, ndiyo. Lakini sasa hivi wanaondoka wiki ya tatu, bila kuaga, na huwezi kuwapigia tena. Mtu akiombwa kujitolea bila mwisho anajua kwamba siku moja atalazimika kuuvunja uhusiano huo mwenyewe, na wengi huchagua kupotea kuliko kuja kusema "nimechoka". Muda ukiwa na mwisho, anaondoka ametimiza ahadi. Wiki ya 9 unakaa naye dakika chache, unamuuliza: utaendelea msimu ujao, utapumzika, au ungependa kazi nyingine? Jibu lolote kati ya hayo ni zuri kwako, kwa sababu unalijua mapema na mlango unabaki wazi. Wapo watakaopumzika msimu mmoja na kurudi. Aliyetoweka kwa aibu harudi.

Tuje kwenye kundi la WhatsApp. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ambalo kila mratibu angefaa kulijua. Washiriki, kila mmoja akiwa peke yake chumbani, walikuwa wakizungumza na wenzao kwa kipaza sauti, ghafla wakasikia mmoja wao akishikwa na kifafa (ilikuwa sauti iliyorekodiwa, wao hawakujua). Miongoni mwa walioamini kwamba ni wao tu waliomsikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Miongoni mwa walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, waliofanya hivyo walikuwa asilimia 31. Hawa wa pili hawakuwa na roho mbaya kuliko wale wa kwanza. Kila mmoja alidhani yupo mwingine atakayechukua hatua.

Ukiandika kwenye kundi la watu 40 "jamani nani anaweza Jumamosi?", umewaweka wote katika hali ileile. Wanaosoma wanahesabu wenzao 39 na kuendelea na shughuli zao. Kundi libaki kwa matangazo na picha za kazi. Ombi la mtu mmoja liende kwa mtu mmoja, kwa jina lake: "Habari za jioni. Jumamosi hii una watoto wako wawili saa 3, utafika?" Bora zaidi, usiwe na haja ya kuomba kila wiki. Zamu ziandikwe mwanzoni mwa msimu, kila mtu ajue siku zake, na mtu asiyeweza kufika awe na wajibu wa kutoa taarifa mapema kwa msimamizi mmoja anayejulikana. Tafuta pia watu wawili watatu ambao kazi yao ni kuziba pengo tu. Wapo wasioweza kuahidi kila wiki lakini ukiwapigia asubuhi wanakuja, na watu hao hawatumiki kwa sababu hakuna nafasi iliyoandikwa kwa ajili yao.

Kabla ya kumpangia mtu kazi, zungumza naye. Mazungumzo ya dakika 20 yanatosha, na swali kubwa ni moja: ukimaliza wiki 10, ungependa uwe umepata nini? Waratibu wengine wanaona vibaya kuuliza hivyo, kana kwamba anayejitolea hapaswi kutaka chochote. Huo ni mtazamo unaotuumiza sana. Mwaka 1998 Gil Clary, Mark Snyder na wenzao walichapisha dodoso la vipengele 30 linalopima kwa nini watu hujitolea, wakazigawa sababu katika makundi sita: imani na maadili ya mtu, kutaka kujifunza, kuwa pamoja na watu, kujenga njia ya ajira, kujiona wa thamani, na kupata nafuu kutoka kwenye mawazo na huzuni za maisha. Mtu mmoja huweza kuwa na sababu mbili au tatu kwa pamoja, na hakuna iliyo chafu. Jambo la kushika ni kwamba mtu huridhika zaidi, na hukusudia kuendelea, anapopata kile alichokijia.

Ndiyo maana kijana anayetafuta uzoefu wa kazi umpe majukumu yanayoweza kuandikwa kwenye barua ya utambulisho, na umwandikie barua hiyo bila kumzungusha. Mama aliyestaafu ualimu na kukosa watu wa kuzungumza nao usimfungie kwenye stoo kuhesabu vitabu peke yake, hata kama stoo ndiyo yenye shida. Na aliyekuja kwa sababu anawapenda watoto lakini hana subira ya kumsikiliza mmoja akikwama kwenye neno moja kwa dakika nzima, mwambie kwa upole kwamba kuna kazi nyingine itakayomfaa.

Sasa posho. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 jaribio lililofanywa na wanafunzi 180 wa sekondari nchini Israeli, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuchangisha fedha za hisani. Kundi la kwanza walielezwa umuhimu wa kazi tu. La pili waliahidiwa pia asilimia 1 ya watakachokusanya, la tatu asilimia 10, na malipo hayo hayakukatwa kwenye michango. Kundi la asilimia 1 lilikusanya kidogo kuliko yote. Kundi la asilimia 10 lilifanya vizuri kuliko lile la asilimia 1, lakini nalo halikulifikia kundi ambalo halikuahidiwa chochote.

Kilichotokea kinaeleweka ukikitazama kwa macho ya mjitolea. Kabla ya malipo, swali lake lilikuwa: je, kazi hii ina maana? Baada ya malipo madogo, swali linageuka kuwa: je, hiki kiasi kinalingana na asubuhi yangu? Kwa fedha ambayo shirika dogo linaweza kutoa, jibu ni hapana, na mtu yuleyule aliyekuja bure kwa furaha anaanza kujiona ananyonywa. Zaidi ya hapo, posho ikishaanza haiondoleki bila ugomvi. Fedha za mfadhili zikikatika, utapoteza hata wale 9 wako, ambao hawakukuomba chochote.

Kurudishiwa gharama ni jambo jingine kabisa, na hili nalisisitiza kwa nguvu zote. Nauli ya kuja na kurudi, vocha ya simu aliyoitumia kuwapigia wazazi, chakula kama kazi inachukua siku nzima: mrudishie, kamili, siku hiyohiyo, kwa wote bila kusubiri mtu aombe. Shirika lisilorudisha nauli linawachuja watu kwa kipato bila kukusudia. Wanaobaki ni wale wenye uwezo, na wale wanaotoka maisha yanayofanana na ya watoto wenu wanaondoka kimya. Wekeni utaratibu wa kuandika alichotumia na kusaini, maana kiasi kilekile kinachotolewa kwa kila mtu kila mwezi bila kujali gharama kinaweza kuhesabiwa kuwa mshahara mbele ya sheria, pamoja na madai yote yanayofuata. Hata wanatakwimu wa kazi, katika azimio lao la mwaka 2013 chini ya Shirika la Kazi Duniani, walipoeleza kujitolea kuwa ni kazi isiyo ya lazima na isiyo na malipo kwa ajili ya wengine, waliruhusu msaada mdogo wa kufidia gharama, kwa sharti kwamba usifikie theluthi ya ujira wa kawaida wa eneo husika. Sheria ya kazi ya nchi yenu ndiyo yenye neno la mwisho, kwa hiyo mwanasheria aitazame sera yenu kabla haijaanza kutumika.

Malalamiko ya wafanyakazi wako usiyachukulie kuwa ni uvivu. Wanasema kweli. Mjitolea anahitaji kupokelewa, kuelekezwa na kujibiwa maswali, na hiyo ni kazi ya saa kadhaa kila wiki ambayo haimo kwenye mkataba wa yeyote kati yao. Wanaifanya juu ya kazi zao nyingine, kisha wanaulizwa kwa nini ripoti imechelewa. Iandikeni rasmi: mfanyakazi fulani, saa kadhaa kwa wiki, kusimamia wajitolea, na kitu kingine kipunguzwe kwake. Halafu waulize wafanyakazi wenyewe ni kazi zipi wangependa kuzikabidhi. Ukiwapelekea wajitolea ambao hawakuwaomba, kwa kazi ambazo hawakuzichagua, wataendelea kuwaona kuwa ni wageni wa kuhudumiwa. Na waambie waziwazi, bodi ikiwepo, kwamba hakuna atakayepoteza ajira ili nafasi yake ijazwe na mtu wa bure. Hofu hiyo mara nyingi ipo hata pale ambapo hakuna anayeitamka.

Wale 9 wako nao usiwaache walivyo. Wawili au watatu kati yao wanaweza kuwa viongozi wa zamu, kila mmoja akiangalia wenzake watano au sita. Waulize kwanza, maana kuna mtu anayependa kusoma na watoto tu na hataki cheo. Angalia pia usije ukawachosha. Anayefika kila mara ndiye anayeombwa kila mara, na shirika likishazoea hivyo linamtumia mpaka anavunjika.

Kuhusu usimamizi nina angalizo moja. Mark Hager na Jeffrey Brudney, katika utafiti wa mashirika ya hisani ya Marekani uliotolewa mwaka 2004, walikuta kwamba mashirika yanayowachuja wajitolea na kuwapangia kazi inayowafaa, yanayowapa mafunzo na nafasi za kukua, na yanayotambua mchango wao, ndiyo yanayobaki nao zaidi. Lakini yale yaliyosema yana usimamizi na mawasiliano ya mara kwa mara yalikuwa na kiwango cha chini cha kubaki na watu. Takwimu kama hiyo haithibitishi kwamba usimamizi unafukuza watu. Huenda mashirika yenye shida ndiyo yanayolazimika kusimamia sana. Hata hivyo naamini kuna ukweli ndani yake. Mtu aliyekimbia vikao na ripoti za ajira yake wiki nzima hatavumilia kuvikuta tena Jumamosi. Msimamizi awepo, aonekane, ajue majina, atatue kinachokwamisha. Fomu ibaki ile kadi moja ya mtoto.

Mahali pekee ambapo sikubali kulegeza ni usalama wa watoto. Kila anayefanya kazi nao awe na wadhamini wawili mliowapigia simu kweli, asaini kanuni za maadili, na apitie ukaguzi wa rekodi za jinai pale nchi inapokuwa na utaratibu huo. Mtu mzima mmoja asiwe na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Asiwe na mawasiliano binafsi na mtoto kwa simu. Mtoto na mzazi wajue ni nani wa kumwambia jambo likiharibika. Upungufu wa watu usiwe sababu ya kuruka hatua hata moja, na mjitolea anayekasirika kwa kuulizwa maswali haya umruhusu aende.

Shukrani watu wengi huzifanya mara moja kwa mwaka: tarehe 5 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya wanaojitolea, kwa vyeti vinavyofanana na hotuba. Fanyeni, haina ubaya. Ila kinachomrudisha mtu wiki ijayo ni kuona matunda. Adam Grant na wenzake walieleza mwaka 2007 jinsi wafanyakazi wa kituo cha simu waliokuwa wakichangishia chuo kikuu walivyokutana kwa dakika chache tu na mwanafunzi aliyesomeshwa na michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda waliokaa kwenye simu ulikuwa umepanda kwa asilimia 142, na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Hao walikuwa wanalipwa, na bado lililowaamsha ni kumwona mtu. Ninyi watu mnao ukumbini kila Jumamosi. Mwiteni mzazi aeleze mtoto wake alivyosoma tangazo njiani bila kuombwa. Mjitolea aambiwe jambo mahususi, siku hiyohiyo: "Yule binti hakuwa akisoma mbele ya mtu yeyote, leo amekusomea kurasa mbili."

Sasa pa kuanzia. Wiki hii chukua orodha, uwapigie simu wale 30 na ushee waliopotea. Uwapigie wewe mwenyewe, usitume ujumbe. Usiwaombe warudi. Washukuru kwa mara walizokuja, kisha waulize ulipofika ulikuta nini, nini kilikufanya usirudi, na je, nikuondoe kwenye orodha? Sikiliza, andika, usijitetee hata pale wanapokosea. Baadhi watasema wamehama au wamepata kazi, na jina lifutwe kwa amani. Wengine watakutajia mambo madogo ambayo mngeyarekebisha kwa siku moja. Ukimaliza, orodha yako itakuwa fupi na ya kweli. Ndipo uandike kazi, na mwanzoni chukua idadi ile tu unayoweza kuipangia watoto, vitabu na msimamizi. Watu 14 waliopangwa vizuri watawafikia watoto wengi kuliko 40 wa kwenye karatasi.

Bodi uipelekee pendekezo badala ya katazo: fedha waliyotaka kuitenga kwa posho igawanywe kati ya kurudisha nauli na kulipia saa za mfanyakazi atakayesimamia wajitolea. Kila mwisho wa msimu waletee takwimu mbili, ni wangapi kati ya walioanza walifika wiki ya 10, na wangapi walirudi msimu uliofuata. Idadi ya waliojiandikisha haina haja ya kusomwa kikaoni. Na kama baada ya msimu mmoja mtagundua kwamba kuna jukumu linalohitaji mtu wa siku tano kwa wiki, asiyekosa, anayewajibishwa kwa matokeo, hiyo ni ajira. Tafuteni fedha zake, itangazeni kwa mshahara wa haki, na muwaruhusu wajitolea wenu kuiomba kama mtu mwingine yeyote.